Umeitwa treningi ya udereva kampuni ya malori? Jiandae hivi kabla hujapanda basi

Kamwene kwa ndugu zangu wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa huku kwetu Mbeya na Rungwe. Juzi mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo yuko Makambako, kanipigia akasema kaka nimeitwa kampuni ya malori, treningi inaanza Jumatatu ya wiki ijayo ile nyingine, niandae nini? Nikamuelekeza mpaka salio likakata, alafu nikaona bora niandike kabisa maana kila nikipaki Mbalizi lazima kijana mmoja aje na swali hilo hilo.

Mi naendesha semi, lile lori la kichwa na tela, mwaka wa tisa sasa, Dar, Tunduma, Lusaka, Ndola, mara nyingine Lubumbashi, na treningi za kampuni nimezipita mara tatu kwasababu ukihama kampuni unaanza upya hata kama una mvi kichwani. Kwenye zote tatu nimeona watu wanarudishwa nyumbani na begi lao, na wengi wao kuendesha walikua wanajua vizuri tu. Walirudishwa kwa macho, kwa leseni, kwa uongo walioandika kwenye fomu, na kwa tabia moja ya kwenye mteremko ambayo ntaieleza kwa kirefu huko chini. Vyote hivyo mtu angevimaliza akiwa bado kwao. Kwaiyo haya ni ya zile wiki mbili tatu kabla ya kwenda, ya huko ndani watakufundisha wenyewe.

Hatua ya 1: Makaratasi, anza nayo leo

Leseni kwanza. Semi inataka daraja E. Kuna vijana wanakuja na D wanasema ntapandisha nikishapata kazi, hao wanaishia getini. Angalia na tarehe ya kuisha, kama imebaki miezi miwili mitatu karenew kabisa maana hakuna kampuni itakusubiri ukiwa unahangaika na foleni katikati ya mafunzo. Hakikisha jina la kwenye leseni, NIDA na cheti cha chuo cha udereva linafanana herufi kwa herufi. Mtu anaitwa Mwakalinga kwenye leseni, kwenye cheti Mwakalingo, anaambiwa arudi akarekebishe, na nafasi yake anapewa mwingine siku hiyo hiyo.

Cheti cha tabia njema cha polisi kinahitaji uchukuliwe alama za vidole na kinachukua muda, kwaiyo usisubiri uambiwe. Barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili wenye kazi inayoeleweka, hao ongea nao mapema, usimtaje mjomba kama mdhamini alafu akipigiwa simu anashangaa.

Kama kampuni inaenda Zambia, Congo au Malawi utahitaji paspoti na kadi ya njano. Hapa kwenye kadi ya njano wengi wanapotea. Sindano ya homa ya manjano inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, yani ukichoma Ijumaa huwezi kuvuka nayo Jumatatu. Na tangu mwaka 2016 kadi hiyo ni ya maisha, ile habari ya kuisha baada ya miaka 10 iliondolewa, hata ya zamani kama ipo na inasomeka bado ni nzima. Itunze kwenye plastiki, isiloe.

Toa kopi tatu tatu za kila kitu, zigongwe muhuri kwa mwanasheria, na beba orijino kwenye bahasha yako mwenyewe. Orijino ni za kuonesha, wakague wakurudishie. Nasema hivi kwa uchungu kwasababu kampuni moja niliyoanzia walibaki na leseni yangu orijino pamoja na vyeti, nilivyotaka kuondoka nikazungushwa miezi minne, dereva bila leseni mkononi hana pa kwenda. Leseni ni yako, barabarani utaulizwa wewe.

La mwisho hapa, kwenye fomu ya uzoefu andika ukweli. Umeendesha Fuso ya tani saba miaka miwili kutoa mchele Ubaruku kwenda Mbeya mjini, andika hivyo hivyo. Mkufunzi akikupandisha kwenye kichwa cha Scania dakika tano tu anajua. Ukiandika miaka mitano ya semi alafu anakuona unaitafuta spilita, kile kitufe cha kugawa gia, kwa macho umejimaliza mwenyewe, wakati yule aliyeandika sijawahi kuvuta tela anapewa siku za ziada za yadi. Nimeliona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Hatua ya 2: Piga simu uulize, sio dhambi

Vijana wengi wanaogopa kuuliza wakidhani wataonekana wajuaji. Uliza kwa heshima, "samahani bosi, naomba kufahamu": mafunzo ni siku ngapi, tunalala wapi, chakula ni juu ya nani, kuna posho au hakuna, gari ni gia za mkono au otomatiki, na mkataba unasainiwa kabla au baada. Wiki za mafunzo kampuni nyingi hawalipi mshahara, wengine wanatoa hela ya kula tu, kwaiyo ukijua mapema unajipanga.

Kuhusu mkataba, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi atakayefanya kazi nje ya Tanzania mkataba wake lazima uwe wa maandishi. Dereva wa Zambia na Congo anaingia hapo moja kwa moja. Ukipewa karatasi soma yote, hasa kipengele cha gharama za mafunzo, kuna wanaoandika kwamba ukiacha kazi kabla ya muda fulani unarudisha hela ya treningi. Sio lazima ukikatae, ila ujue ni shilingi ngapi na ni muda gani kabla hujasaini, na uombe kopi yako.

Hatua ya 3: Mwili

Nenda hospitali ukapime macho, presha na sukari sasa hivi, kwa hela yako, kabla kampuni haijakupima. Pale Mbeya nenda Rufaa, Iringa na Njombe kuna hospitali za mkoa. Ukigundua macho yana shida unatengeneza miwani unaenda nayo, kwisha, miwani haimnyimi mtu kazi. Kinachomnyima kazi ni kugundulika siku ya vipimo anashindwa kusoma herufi za mstari wa nne na hana muda tena. Tulikua na jamaa mmoja wa Mafinga, dereva mzuri kabisa wa malori ya magogo, karudi kwao kwa sababu hiyo tu na alikua hajui kama haoni vizuri, alizoea.

Pombe acha kabisa siku kadhaa kabla, sio usiku mmoja. Kuna kupuliza kipimo cha pombe kila asubuhi getini na ulanzi wa jana jioni unaonekana asubuhi. Kwa watu wa Iringa nawasihi kabisa hapo, najua msimu wa mvua ulanzi uko kila kona. Bangi na mirungi usiseme nshaacha wiki iliyopita, bangi inakaa mwilini muda mrefu na kipimo cha mkojo kinaikuta.

Na usingizi. Anza kulala saa tatu usiku na kuamka saa kumi alfajiri wiki nzima kabla. Madarasa yanaanza mapema, mtu anayesinzia darasani saa nne asubuhi mkufunzi anamuandika, kwasababu atakayesinzia kwenye kiti cha darasa atasinzia pia Mikumi saa tisa usiku.

Hatua ya 4: Mikono, hasa rivasi

Rivasi ya tela ndio inawatoa jasho wengi na ndio mtihani wa kwanza wa yadi. Kama una ndugu mwenye trekta lenye tela, Mbarali yamejaa hayo, omba nusu saa kwenye uwanja baada ya mavuno ujifunze. Tela la trekta ni jeuri kuliko la semi, likigeuka linageuka ghafla, ukilimudu hilo semi utaiona mpole.

Siri ni hii, shika stelingi chini, pale saa sita ilipo. Ukitaka mkia wa tela uende kushoto, mkono wako unaenda kushoto. Ukitaka uende kulia, mkono kulia. Basi hivyo tu, usianze kufikiria kinyume chake. Alafu nenda polepole bila kukanyaga mafuta, gari ijisogeze yenyewe, na rekebisha kidogo kidogo mapema. Tela likishakunja sana usilazimishe, nenda mbele mita tano nyoosha, anza tena. Kwenda mbele kunyoosha sio kosa, kwenye mtihani wakufunzi wengi wanaruhusu. Kosa ni kugonga koni, na kosa kubwa zaidi ni kurudi nyuma bila kushuka kwenda kuangalia. Shuka uangalie hata kama unaona kila mtu anakutazama. Mtoto akiwa nyuma ya tela kioo hakimuoneshi.

Hatua ya 5: Jifunze kuzunguka gari

Hii nataka uielewe vizuri. Treningi yangu ya pili, saa kumi na moja alfajiri, yadi ina baridi ya Julai mpaka mdomo unatoa moshi, mkufunzi mzee mmoja mtaratibu sana alitupanga watu kumi akasema kila mmoja akague gari hili anipe karatasi. Gari lilikua limeoshwa linang'aa. Tukazunguka, tukapiga piga tairi mateke, tukaandika "gari zima". Akatuita tairi ya pili ya tela kulia, akamulika tochi. Kwenye nati moja kulikua na kistari cha kutu kimeshuka kwenye rimu, chembamba kama chozi. Akasema hiyo nati imelegea, kila ikicheza inasaga chuma na maji yakipita yanashusha kutu. Kati ya tairi mbili pacha palikua na jiwe la ukubwa wa yai, likichomoka kwenye spidi linaenda kwenye kioo cha noah ya nyuma yenye familia. Watu nane kati ya kumi hatukuona kimoja wapo, na mimi nikiwemo.

Kwaiyo jizoeze kuzunguka kwa mpangilio ule ule kila siku, hata kama ni kwenye gari la jirani lililopaki. Mi naanza mlango wa dereva, naenda mbele, napita ubavu wa kushoto mpaka nyuma, narudi kulia. Mbele naangalia oili, maji, mikanda ya injini, na chini kama kuna kilichodondoka. Tairi naangalia upepo, mikato ya pembeni, nati, mawe. Faifu wili, ile sahani ya nyuma ya kichwa inayobeba tela, naingiza kichwa na tochi nione taya zimeshika kingpini, ule msumari mnene wa tela, kweli na ile handeli imeingia mpaka mwisho, alafu nikipanda nafunga breki za tela peke yake nasukuma gia ndogo kuvuta kidogo. Likigoma kutoka basi limeshika. Paipu za upepo, nyekundu na njano, zisigusane na chuma na zisiburute.

Matenki ya upepo yatolewe maji. Unavuta ile ring'i chini ya tenki, kikitoka kimaji kidogo ni kawaida, yakitoka maziwa maziwa yenye oili mwambie fundi, kompresa inapitisha oili.

Alafu breki. Washa gari upepo ujae, sindano ya upepo kwenye dashibodi ipande mpaka isimame. Zima injini, kanyaga breki kwa nguvu ushikilie dakika nzima, fungua dirisha usikilize. Ukisikia "ssss" popote kuna mahali panavuja, na sindano ikiendelea kushuka usiondoke. Hili ukilifanya mbele ya mkufunzi bila kuambiwa, atakuangalia kwa jicho jingine.

Hatua ya 6: Mteremko

Hapa ndio kiini na ndio maana nimeandika yote haya. Sisi wa nyanda za juu tumezaliwa kwenye milima. Kitonga, Inyala, Mlima Nyoka, Iwambi kushuka Mbalizi, Igawilo, kila mmoja wetu amewahi kusimama kwenye ajali ya lori lililokataa breki kwenye moja ya sehemu hizo au anamjua mtu aliyezika ndugu. Ajabu ni kwamba sisi hao hao ndio tunaenda treningi na tabia ya kuachia gia mteremkoni, yani mtu anaweka fri anaiacha gari iteleze eti anaokoa mafuta.

Mafuta hayaokoki. Injini za saivi zenye kompyuta, ukiwa kwenye gia na mguu umetoa kabisa kwenye mafuta, pampu inakata dizeli, gari linaisukuma injini na tone haliingii. Ukiweka fri injini inabidi iendelee kuchoma dizeli isizime, kwaiyo inakunywa. Aliyekufundisha kuachia gia alijifunza kwenye magari ya zamani sana, au hakujifunza popote.

Na breki zinakataa kwa namna hii. Ukikanyaga muda mrefu ngoma inapata moto, chuma kikipata moto kinatanuka, ngoma inakua pana inazikimbia brekishuu, huku laini zenyewe zimeungua zinateleza. Unakanyaga zaidi, zinapata moto zaidi. Wengine wanaanza kupampu, kila ukipampu unatumia upepo, kompresa haiwahi kujaza, sindano inashuka. Ukifika hapo, na tani 50 zinakusukuma mgongoni, hakuna fundi wala maombi ya haraka.

Kwaiyo jizoeze hivi. Punguza mwendo kabla ya kuanza kushuka, pale juu kabisa panapoonekana bado tambarare. Chagua gia hapo hapo juu. Wazee wanasema gia ya kupandia ndio ya kushukia, na kwa gari lenye mzigo mi naongeza, kama una wasiwasi shusha nyingine moja. Ukiwa katikati ya mteremko umeshachelewa, ukitoa gia kutafuta nyingine inaweza kukataa kuingia na hapo ndio umebaki fri bila kupenda. Washa ekzosti breki na ritada, zile breki za kupunguza mwendo bila kutumia ngoma, kama gari inayo, acha injini ikushike, alafu breki ya mguu ni ya kusaidia, unakanyaga kwa uhakika mpaka mwendo ushuke, unaachia kabisa zipoe, gari ikikimbia tena unarudia. Usiweke mguu juu ya pedali ukaulaza pale njia nzima.

Mkufunzi wangu yule mzee alitupeleka Kitonga kutokea Ilula kushuka Mahenge, semi mbili zenye mzigo sawa. Moja alishusha yeye. Nyingine alishusha mwenzetu aliyejiona mzoefu. Tulipofika chini tukapaki sehemu salama, akatuambia tusogeze kiganja karibu na rimu, tusiguse. Ya kwake ilikua vuguvugu kama sufuria iliyoepuliwa muda. Ya mwenzetu mkono ulikua hausogei, na harufu ile ya laini zilizoungua mnaijua wote mliowahi kusimama pale. Utingo akataka kumwagia maji, mzee akamzuia haraka, ngoma ya moto ukiimwagia maji baridi inapasuka. Inaachwa ipoe yenyewe, nusu saa au zaidi. Hakumgombeza yule mwenzetu. Alimwambia tu "mwanangu kesho unashusha wewe, mi nakaa pembeni yako", na kesho yake akashusha vizuri, yupo kazini mpaka leo.

Kama huna gari la kujifunzia, panda lifti na dereva mkubwa unayemuamini kutoka Uyole mpaka Makambako au Iringa, kaa kimya uangalie mguu wake na sindano ya mizunguko ya injini. Muombe akueleze anachagua gia wapi. Safari moja ya hivyo itakufaa kuliko kukariri kitabu kizima.

Hatua ya 7: Namba za kukariri

Chache tu. Gari zaidi ya kilo 3,500 mwisho spidi 80, kwenye makazi ya watu 50, na GPS inaripoti kila kitu ofisini kwaiyo usifikiri kumaliza tochi ya trafiki ndio umepona. Ukiwa spidi 80 gari linakula mita 22 kwa sekunde moja, na breki ya upepo inachelewa kidogo kushika, ndio maana udereva wa kujihami unakufundisha kuacha nafasi kubwa mbele, na kwenye ukungu wa Mafinga na Nyororo uizidishe mara mbili.

Uzito, kwa sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, mwisho kabisa ni tani 56 kwa gari la ekseli 7, ekseli ni ule mhimili unaobeba tairi za pande mbili. Ekseli ya mbele ya stelingi ni tani 8, na kwa zenye tairi pacha, ekseli moja 10, mbili pamoja 18, tatu pamoja 24. Ukijumlisha 8 na 18 na 24 unapata 50, hiyo ndio semi ya kawaida ya ekseli 6. Elewa kwamba mizani ya Wenda, Makambako au Mpemba inapima kila kundi peke yake, unaweza kuwa chini ya 50 ukakamatwa kwasababu mzigo umelala mbele.

Wanaoenda kampuni za matenki, kariri na kile kibao cha rangi ya chungwa kinachokaa kwenye tenki, 33 juu 1203 chini ni petroli, 30 juu 1202 chini ni dizeli. Mafuta ndani ya tenki yanaenda mbele na nyuma, ukifunga breki ghafla yanakuja kukusukuma baada ya sekunde, kwenye kona yanakuvuta nje. Na lori la mafuta likianguka kazi yako ya kwanza ukiwa mzima ni kuwafukuza watu wasisogee. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu Morogoro walikufa watu zaidi ya 100 waliokwenda kuchota. Watakuuliza hili kwenye mtihani, na siku moja linaweza kukukuta kweli.

Congo gari zinapita upande wa kulia. Ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia unabadilika hapo hapo.

Hatua ya 8: Begi na nyumbani

Koti zito na blanketi hata kama treningi ni Dar, maana safari ya mafunzo itakupitisha Makambako usiku. Buti ngumu, reflekta, tochi yenye betri mpya, daftari na kalamu mbili, dawa zako kama unatumia, ndala. Simu yenye bando la mwezi ila darasani iwe imezimwa.

Nyumbani acha hela ya mwezi na nusu, sio ya wiki mbili. Kaa na mkeo umweleze kwamba hakuna mshahara mpaka safari ya kwanza, na kwamba kuna saa za mchana hutapokea simu. Nimeona kijana anapigiwa simu mara kumi akiwa kwenye stelingi kwasababu unga umeisha, akili yote ikahama, akagonga nguzo ya yadi. Kama una shamba la mahindi linataka mbolea, mpe mtu hela na kazi kabisa kabla hujaondoka.

Hatua ya 9: Ukishafika

Fika siku moja kabla. Mdogo wangu nimemwambia apande basi Jumamosi ili Jumapili apumzike, aone geti lilipo na apime ni dakika ngapi kwa mguu kutoka anapolala.

Mkufunzi hata kama ni mdogo kwako kwa umri muite mwalimu. Ukifundishwa kitu unachokijua, sikiliza, usiseme "sisi kule tulikua tunafanya hivi", hiyo sentensi wanaichukia sana. Usichoelewa uliza hapo hapo. Ukikosea sema nimekosea, gari limekwaruzika sema kabla hawajaona. Na jioni usikae na kikundi kinachoongelea namna ya kunyonya dizeli, hata kama unasikiliza tu, kuna masikio mengi kwenye hizo yadi.

Siku ya mtihani wa barabarani utaendesha na mkufunzi pembeni, hataongea sana, atakua anaandika. Funga mkanda kabla ya kuwasha. Vioo kila baada ya sekunde chache. Indiketa mapema. Kwenye kivuko cha watembea kwa miguu simama kabisa hata kama yule mama bado yuko pembeni anasita. Akikuambia paki hapa, angalia kwanza kama panafaa, wakati mwingine anakujaribu kwenye kona au juu ya mlima, una haki ya kusema mwalimu hapa sio salama naomba nisogee mbele.

Ukishazima injini usikimbilie kushuka na kupeana mikono. Chukua tochi, zunguka gari tena kama ulivyozunguka asubuhi, sogeza kiganja karibu na rimu zote uone ipi imepata moto kuliko wenzake, andika ulichokiona hata kama ni taa moja ya ubavuni isiyowaka, saini, alafu ndio umpe ufunguo pamoja na hiyo karatasi.